Siku tisa za kutafuta ghala: Kondoa hadi Mbinga na kurudi

Siku ya kwanza: Kondoa, Dodoma, Iringa

"Usituletee vipeperushi," shangazi aliniambia stendi, kukiwa bado giza. "Lete kitu tunachoweza kukifanya kwa mikono yetu."

Kikundi chetu kina watu 22, wengi wao kina mama. Vikao vitatu mfululizo tulibishania jambo moja: akiba yetu tuijengee ghala, tuinunulie mifuko ya kuhifadhia nafaka, au tugawane kila mtu akanunue mbegu? Kikao cha nne kikakata shauri kwamba katibu aende akaone wenzetu wa kusini wanafanyaje. Katibu ni mimi.

Ubishi wetu una chanzo. Julai iliyopita nyumbani kwetu tuliuza gunia sita za mahindi kwa sababu ada ya shule ilidaiwa na deni la pembejeo lilikuwa mlangoni. Kufikia Februari tukawa tunanunua kwa debe. Fedha ya zile gunia sita isingefikisha hata gunia tatu. Mvua ilikuwa imenyesha na mavuno yalikuwa mazuri. Njaa ilituingilia tukiwa tumevuna vizuri, na kila nikilifikiria hilo kifua kinanibana.

Basi liliteremka Dodoma, nikabadilisha gari la Iringa. Pale Mtera barabara inapita juu ya bwawa, na abiria wakashusha vioo kununua samaki wakavu. Jioni nikawa Iringa, mjini juu ya mlima. Hapa ndipo TANU ilipotoa tamko la "Siasa ni Kilimo" mwaka 1972. Miaka miwili baadaye ukame ukaikamata nchi, ikaja kampeni ya "Kilimo cha Kufa na Kupona". Marehemu babu alikuwa akitusimulia juu ya unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu waliuita unga wa Yanga. Aliula na akashukuru, lakini kila aliposimulia alimalizia kwa swali: "Meli ingechelewa je?"

Siku ya pili: Iringa, Njombe

Baridi ya Njombe si ya mchezo, nimevaa sweta mbili. Njiani dada niliyekaa naye alinionyesha mabonde ya vinyungu, bustani za bondeni ambazo Wahehe na Wabena hulima wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Sasa ni Machi na mabonde yamejaa maji, hakuna cha kuona. Lakini alichosema nikakiandika: "Kinyungu ndicho kinachotufanya tusiguse mahindi ya ghalani mapema. Agosti tunakula mboga, maharage mabichi na mahindi ya kuchoma ya bondeni. Gunia linakaa."

Kwetu Kondoa hatuna mabonde ya namna hiyo, tuna makorongo. Ardhi yetu iliharibika hadi Serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Miti ilirudi, lakini udongo ulioteremka na maji haukurudi. Kwa hiyo nilipolala Njombe nilikuwa nawaza Mbinga, kwa watu walioizuia milima yao isiteremke.

Siku ya tatu: Njombe, Songea, Mbinga

Safari ndefu. Milima ya Lukumburu kwa mvua inataka dereva asiye na haraka, na wetu hakuwa na haraka. Nashukuru. Mbinga tuliingia usiku.

Siku ya nne: ngoro

Leo nimeona kazi ambayo nitaisimulia hadi nizeeke.

Mwenyeji wangu ni mzee wa Kimatengo, ana shamba mlimani upande wa kuelekea Litembo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama viatu na kuniambia nivivue. "Mlima huu, mwanangu, unaupanda kwa vidole."

Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba nilipoinama kushika nyasi, uso wangu ulikuwa karibu na udongo. Kwetu mteremko kama huo ungekuwa korongo baada ya masika mawili. Wamatengo wanaulima kwa zaidi ya miaka mia moja na bado uko palepale. Siri yao ni mashimo wanayoyaita ngoro.

Kazi inaanza mvua zinapoelekea ukingoni, kipindi kama hiki. Wanaume wanafyeka majani na kuyaacha yanyauke siku chache. Kisha wanayalaza kwa mistari, mingine ikishuka na mingine ikikata, mpaka mlima mzima unaonekana kama wavu wa kuvulia samaki uliotandazwa. Kila jicho la wavu lina upana wa kama mita mbili. Halafu wanaingia akina mama na majembe. Wanachimba udongo katikati ya jicho na kuufukia juu ya majani pande zote nne. Katikati panabaki shimo, na pembeni linabaki tuta lenye majani tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta na kuvunwa karibu na kiangazi. Mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale, na magugu na tope hutupwa shimoni yakaoze.

Nilimuuliza mzee kwa nini wasichimbe mataro kama tulivyofundishwa sisi. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua ndoo ya maji akaimwaga juu ya mteremko. Maji yaliteremka hadi shimo la kwanza yakatulia. Yaliyozidi yakapita juu ya tuta taratibu, yakaingia shimo la pili. La tatu halikulowa.

"Maji hapa hayatembei," alisema. "Yanahama nyumba."

Mke wake alikuwa amesimama na jembe akitungoja tumalize. Nikaomba nijaribu, nikachimba mashimo manne nikahema. Yeye alikuwa ameshachimba zaidi ya ishirini, na nilipomsifu alisema jambo ambalo wanaosifia ngoro hawalisemi sana: "Mgongo unauma. Binti zangu wako Songea mjini, hawataki. Mimi na huyu mzee tukichoka, nani atachimba?" Vijana wengi, aliniambia, wanalima matuta ya kawaida kwenye ardhi tambarare kwa sababu ni rahisi. Sikuwa na jibu. Nimelibeba swali lake kama lilivyo, maana na sisi tunapanga mambo mengi ambayo mwisho wa siku yatakaa juu ya migongo ya kina mama.

Kitu cha kwenda nacho Kondoa si ngoro nzima. Mteremko wetu si kama wao, wala mvua yetu. Lakini kufukia majani badala ya kuyachoma, na kuyapa maji mahali pa kukaa katikati ya shamba, hilo linawezekana hata kwangu.

Siku ya tano: Mbinga, ghala lisilo ghala

Nilidhani leo nitaonyeshwa jengo. Mama mwenyeji alinipeleka kwa kikundi chao cha akina mama kumi na tano, na ghala lao ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mweka hazina. Kina chaga za mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni, kamba, daftari na mzani wa kuning'iniza. Basi.

Nikaona nimepoteza nauli ya kikundi. Kisha wakaanza kunieleza.

Huku Mbinga zao la fedha ni kahawa, na kuna ugonjwa wa zamani unaoitwa magoma: mtu mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyemkopesha. Wakati wa kuvuna anachuma kahawa ya mwingine kwenye mibuni yake mwenyewe. Hawa kina mama waliona magoma yakihamia kwenye mahindi na maharage. Wakaelewa kwamba ghala la matofali lisingewasaidia, kwa sababu mwenye deni la Julai hana gunia la kuweka ghalani.

Kwa hiyo walianza na mfuko wa fedha. Mwaka mzima wanachanga kidogo kidogo. Mavuno yakifika, mwanachama analeta gunia zake mbili au tatu. Zinakaguliwa, zinapimwa kwenye mzani mbele ya wote, zinaandikwa daftarini. Palepale anakopeshwa nusu ya thamani yake kwa bei ya siku hiyo. Analipa ada ya mtoto na kumaliza deni la mbolea. Gunia limelala chagani. Januari au Februari bei ikipanda, anaamua mwenyewe: alipe mkopo achukue chakula chake, au kikundi kiuze, kikate mkopo na riba ndogo, kinachobaki apewe.

Nchi ina sheria ya stakabadhi za maghala tangu mwaka 2005, na mantiki yake ni hiyohiyo: weka mazao, pata karatasi, karatasi ikusaidie kukopa. Lakini kwa gunia mbili za mama mmoja, chumba hiki na daftari hili vinamfikia haraka zaidi.

Niliuliza je, hakuna aliyewahi kuchukua mkopo na kuleta gunia bovu? Walicheka, halafu mmoja akaacha kucheka akasema, "Yupo. Ndiyo maana tuna chupa."

Chupa yenyewe ni ya kioo, safi, yenye kifuniko. Wanatia konzi ya mahindi na vijiko vichache vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, wanaitikisa vizuri na kuiacha dakika kumi hivi. Chumvi ikishika kioo, mahindi yana unyevu wa kuzidi asilimia 15 na hayapokelewi, yanarudi juani. Chumvi ikidondoka yote chini, mahindi yanaingia kwenye mfuko wa tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki nzito ndani na wa kiroba nje, kila mmoja unafungwa peke yake. Hewa ya ndani inaisha, wadudu wanakufa bila dawa. Hata dumuzi, yule mdudu wa mahindi aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati miaka ya 1970 akagundulika kwanza Tabora, hawezi kuishi bila hewa. Ila mahindi mabichi ndani ya mfuko huo yanaoza, na hapo ndipo chupa inapokuwa mlinzi.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuisikiliza habari ya unyevu kuliko wote mle ndani. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua, macho yakawa ya njano na matumbo yakajaa maji. Wagonjwa 68 walitambuliwa, 20 wakafariki. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo au kuhifadhiwa kabla hayajakauka. Kuyapika hakuiondoi. Niliwaeleza kina mama wa Mbinga jinsi tulivyoogopana na unga wetu wenyewe, jinsi mtu alivyokaribishwa chakula akasema ameshiba. Chumba kikawa kimya. Mweka hazina akaninyanyulia chupa akasema, "Hii uende nayo."

Siku ya sita: Mbinga, Makambako

Siku nzima barabarani. Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA inapita hapa ikitoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, na barabara ya Songea inakutana na ile ya Mbeya. Vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vinameta juu ya mji. Wakala ulianza mwaka 2008 na kazi yake ni kununua nafaka kulikozidi na kuipeleka kulikopungua. Nilivitazama kwa heshima ya kweli, maana ukame ukishika mkoa mzima daftari la kina mama kumi na tano haliwezi kitu. Lakini kihenge cha taifa hakijui kwamba mimi nina ada ya kulipa Julai. Kila ghala lina umbali wake.

Usiku kwenye mgahawa wa stendi utingo wa lori alikuwa akila mezani kwangu. Nikamuuliza amebeba nini. Mahindi. Anayapeleka wapi? Dodoma.

Siku ya saba: Makambako, Dodoma

Mvua, tope, pancha mbili. Niliwaza njia nzima habari ya lile lori.

Siku ya nane: Hombolo na Kibaigwa

Asubuhi nilifika kituo cha utafiti cha Hombolo, wanakoshughulikia mtama na uwele. Mtaalamu aliyenipokea alikuwa na subira ya mwalimu. Aliniwekea vikombe vya mbegu mezani: Macia, mtama mweupe mfupi unaowahi kukomaa, na Hakika na Wahi, zinazostahimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi. Pembeni palikuwa na uwele uitwao Okoa. Majina haya yametungwa na mtu aliyewahi kuona njaa, nilijisemea.

Nilimwuliza waziwazi: kama mtama unastahimili jua la Dodoma kuliko mahindi, mbona tunang'ang'ania mahindi? Hakutulaumu. Alisema ndege wanaupenda mtama mweupe kuliko watu wanavyoupenda, na mtoto anayekaa shambani kufukuza kwelea kwelea hayuko darasani. Alisema kukoboa na kutwanga kunamla mama saa nyingi, na mashine ya kukoboa mtama si kila kijiji kinayo. Kisha akasema tusiache mahindi, ila tuugawie mtama sehemu ya shamba, na kijiji kizima tupande wiki moja ili ndege wasipate shamba moja la kulimaliza.

Kuhusu mbegu alinifungua macho. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mkulima makini anaweza kuchagua masuke mazuri na kupanda tena mwaka kesho. Uwele na mahindi huchavushana na majirani, mbegu zake zinataka shamba lililo mbali na mengine. Mahindi ya chotara ukiyarudia mwaka wa pili mavuno yanashuka, hiyo si hila ya duka, ni maumbile yake. Na kuna njia halali ya kikundi kuzalisha mbegu: mbegu za daraja la kuazimiwa. Mkulima anafundishwa, shamba linaandikishwa na kukaguliwa, kisha anawauzia wenzake karibu naye. Shangazi angefaa. Hakuna mtu mkali kwa suke bovu kama shangazi.

Nilipotoka nikakumbuka kuwa niko Ugogo, nchi iliyopitiwa na Mtunya, njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipokuja haukukuta kitu ndani ya vihenge. Wanakadiriwa kufa watu 30,000. Ukame Wagogo walikuwa wameuzoea vizazi na vizazi. Safari ile ulikuta akiba imeshaondoka.

Mchana nilikuwa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Msimu wa mavuno hapa malori hukosa pa kuegesha yakipakia. Leo yalikuwa machache na yalikuwa yanashusha. Nilisimama karibu na moja nikamsikia dalali akisema mzigo umetoka kusini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinunua debe moja, akalipa kwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Sikumjua, lakini nilijua alichouza Julai.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka: lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Bado nimeona magunia yenye kilemba cha kamba juu, yamejazwa na kushonewa nyongeza, yakihesabiwa kuwa gunia moja. Mkulima asiye na mzani nyumbani hajui ametoa kilo ngapi bure. Hili linaniudhi kuliko bei yenyewe. Bei unaweza kuibishia, kilo ambazo hukuzipima huwezi.

Siku ya tisa: Kondoa

Nilifika alasiri nikawakuta wamekaa chini ya mwembe, watu 19 kati ya 22, wanangoja. Sikupewa hata nafasi ya kunawa miguu.

Nilisema yote, kuanzia ndoo ya maji ya mzee hadi mgongo wa mkewe. Niliposema kwamba fikira yangu ni tusijenge ghala mwaka huu, mwenyekiti alikunja uso, maana ghala lilikuwa wazo lake. Tulibishana hadi jua likaanguka. Mwisho tukakubaliana hivi: mzani ununuliwe kwanza, kabla ya kitu kingine. Mifuko ya tabaka tatu, miwili kwa kila mwanachama. Fedha yote inayobaki isiguswe hadi Juni, iwe ya kukopeshana juu ya gunia. Chumba ametoa mwenyekiti mwenyewe, baada ya kununa kidogo. Watano wamejiandikisha kupanda mtama nusu eka, kwa sharti la kupanda wiki moja. Habari ya mbegu za kuazimiwa shangazi hakuitikia wala hakukataa. Aliuliza tu ukaguzi unafanyika mara ngapi.

Kisha akaniomba ile chupa. Aliingia ndani akarudi na konzi ya mahindi ya mbegu aliyoyatunza tangu mwaka jana, yaliyoning'inia jikoni kwake juu ya moshi, mbegu ambazo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuzitilia shaka. Tukatia chumvi. Akaitikisa mwenyewe, akaiweka juu ya kigoda, tukaizunguka kimya tukingoja.

Chumvi ilishika kioo pande zote.

"Ni masika haya," alisema polepole. "Unyevu umezifuata hukohuko jikoni."

Leo alfajiri nimepita kwake. Turubai lilikuwa limetandazwa uani juu ya kitanda cha kamba, mbali na udongo, na mbegu zote ziko juu yake. Yeye amekaa pembeni na fimbo ya kufukuzia kuku, anatazama wingu la upande wa mashariki.